Kabla hujamlipa mtu akuzamishe baharini Mombasa

Desemba ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa jamaa wa Nairobi: "Nitajie kampuni nzuri ya kupiga mbizi hapo kwenu." Nimeacha kutaja majina. Kampuni iliyosifika mwaka jana, huenda mkufunzi wake bora ameshahamia Diani au Zanzibar, na boti imepewa nahodha mwingine. Siku hizi nawapa maswali, na karibu yote yanatafuta jambo moja: hawa watu wanaweza kuikataa pesa yako?

Anza na maoni ya wateja mtandaoni, lakini usihesabu nyota. Mgeni aliyeingia chini ya bahari mara ya kwanza maishani, akamwona kasa akipita mbele yake, atatoa nyota tano hata kama mtungi wake wa hewa ulikuwa na kutu. Hana cha kulinganisha. Mimi husoma malalamiko kwanza. Mtu akinung'unika kwamba waliahirisha safari wakati yeye aliona bahari shwari, au kwamba walimnyima mbizi kwa kuwa aliandika ana pumu, kwangu hiyo ni sifa. Yanayonitia hofu ni mengine: mtu kuachwa nyuma na kundi, kipimo cha hewa kilichokwama, mkufunzi mmoja na wageni kumi. Kwa mbizi ya kuonja, wale wasio na cheti, kanuni za PADI, shirika la kimataifa linalofundisha na kutoa vyeti vya kupiga mbizi, zinasema mkufunzi aliye peke yake asichukue zaidi ya wanne baharini, na wasishuke chini ya mita 12.

Tazama pia tarehe za maoni hayo. Sifa za Januari, kaskazi ikivuma na maji yakiwa wazi, hazikuambii lolote kuhusu Juni, wakati kusi imechafua bahari na mawimbi yanapasuka mwambani. Ukija Juni, tafuta maoni ya Juni. Usipoyapata, huenda kampuni hufunga msimu huo, na hilo si baya hata kidogo.

Halafu kuna watu ambao wageni hawawafikirii kabisa: wavuvi na mabaharia wa boti zenye sakafu ya kioo kule Bamburi na Nyali. Msalimie mzee mmoja vizuri, kaa naye kidogo, kisha umuulize: "Ami, boti ya hawa hutoka hata bahari ikichafuka?" Atakujibu bila kupepesa, maana yeye yuko ufuoni kila siku. Anajua nani huvuka mlango wa mwamba wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo ukiwa mkali, na nani hugeuza akarudi. Vijana wa ufuoni nao watakuelekeza, ila watakupeleka kwa anayewapa kamisheni. Siwalaumu, ni riziki yao. Lakini hapo umepata njia ya kufika dukani, hujapata ushahidi.

Karatasi ni kazi ya dakika chache. Kila mkufunzi wa PADI ana namba yake, na tovuti ya PADI hukuruhusu kuiingiza uone kama bado ana idhini ya kufundisha. Boti iwe na leseni na jaketi za kuokolea maisha za kutosha watu wote. Mkiingia hifadhi ya bahari ya Mombasa, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilipwe na risiti uione. Anayekwepa ada hiyo sioni kwa nini asikwepe gharama ya kutunza mitambo. Na yeyote anayekuahidi Open Water, cheti cha kwanza cha mpiga mbizi, kwa siku moja, muage kwa heshima uende zako. Kozi hiyo huchukua siku tatu au nne.

Kisha nenda dukani kwao siku moja kabla, usisubiri asubuhi ya safari. Omba uoneshwe kompresa, mashine inayojaza hewa kwenye mitungi. Imewekwa wapi? Ikivuta hewa karibu na jenereta au mahali magari yanaposimama, moshi huo unaingia kwenye mtungi, na sumu ya moshi huzidi nguvu kadiri unavyoshuka. Uliza chujio lilibadilishwa lini. Pale pazuri watakutolea daftari. Kuna mahali, sitapataja, niliponusa harufu ya mafuta kwenye hewa ya mtungi, nikauliza swali hilohilo, nikajibiwa kwa kicheko: "Dada, hii hewa ni ya bahari hii hii." Nikavua vifaa nikarudi nyumbani. Gesi yenyewe ya sumu haina harufu. Harufu ya mafuta ndiyo inayokushtua kwamba kuna jambo.

Tazama mihuri ya tarehe za kupimwa kwenye shingo za mitungi. Uliza kama boti hubeba oksijeni ya dharura, na uombe uione: chupa iliyojaa, si sanduku tupu lenye nembo. Uliza mtu akipata ugonjwa wa viputo vya naitrojeni atapelekwa kwenye chemba gani ya shinikizo ya kuutibu, na nani atapiga simu. Anayejua hujibu palepale. Anayesema "hapa haijawahi kutokea" hajajibu.

Kama una cheti cha kwanza, wajaribu na MV Dania, ile meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki. Sakafu yake iko karibu mita 30, na cheti chako kinafika mita 18. Sema unataka kushuka hadi chini. Wakikubali mara moja bila kuuliza umezama mara ngapi na lini mara ya mwisho, umeshapata jibu: hawa hawawezi kuikataa pesa yako.

Swali ninalolipenda zaidi halitoki kwako, linatoka kwao: "Unarudi Nairobi lini, na kwa usafiri gani?" Ukipanda mahali pa juu mapema baada ya mbizi, vile viputo vya naitrojeni vinaweza kukuumiza, ila wengi hudhani tahadhari hiyo inahusu ndege tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwili wako haujali kama umepanda kwa ndege, basi au treni ya SGR. Mwongozo wa kawaida ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ukiwa umepiga mbizi kadhaa. Mbizi mbili Jumapili asubuhi, kisha treni ya alasiri, ni hesabu mbaya. Mkufunzi anayekwambia "basi Jumapili huzami, njoo Ijumaa" amejinyima pesa ya siku nzima kwa ajili yako. Huyo mpe hata bakshishi.

Mwisho ni amana. Ulizeni kwa maandishi, hata wasapu inatosha, kama pesa hurudi wao wakiahirisha kwa sababu ya hali ya hewa. Watu huliona hili kuwa suala la kuokoa shilingi, lakini nimewaona wageni wakibishana na nahodha ufuoni, upepo unavuma, wakimsukuma atoke kwa sababu tu walijua amana yao haitarudi.