Kura ya meya Minneapolis: safu tatu, majina matatu tofauti

Tangu uchaguzi wa meya wa Minneapolis, Minnesota, wa Novemba 2025, wasomaji wananiuliza jambo moja kuhusu karatasi ya kura yenye safu tatu za machaguo: "Nikimjaza mgombea wangu safu zote tatu, si atapata nguvu zaidi?" Hapana, ndugu zangu. Anapata kura moja ileile, na safu mbili zimekwenda bure. Inauma kuona mtu amesimama foleni kwenye baridi ile halafu anatupa sehemu ya kura yake.

Karatasi ya meya ina chaguo la kwanza, la pili na la tatu. Kwanza huhesabiwa chaguo la kwanza la kila mtu. Asipopatikana aliyevuka nusu, walio mkiani wanatolewa na karatasi zao zinahamia kwa chaguo linalofuata. Aliyerudia jina moja hana pa kuhamia. Mgombea wake akitolewa, karatasi inawekwa kando.

Tazama 2025. Jacob Frey, aliyekuwa meya tayari, alianza na karibu asilimia 42, mpinzani wake Omar Fateh karibu 32. Waliobaki walipotolewa, Frey akamaliza na 50.03 dhidi ya 44.37. Jumlisha mwenyewe: zaidi ya asilimia 5 ya kura haikumfikia yeyote kati yao. Ng'ambo ya mto, katika mji jirani wa St. Paul, siku hiyohiyo meya Melvin Carter aliongoza raundi ya kwanza, lakini machaguo ya chini yakampa kiti mpinzani wake Kaohly Her.

Wengine wanaogopa kwamba chaguo la pili litamponza wa kwanza. Halimponzi, kwa sababu halitazamwi maadamu wa kwanza bado yumo. Basi mpe nafasi ya kwanza unayemwamini hata kama hana umaarufu, ila katika safu mbili zilizobaki hakikisha yumo mmoja anayeweza kufika mwisho. Na usijaze viduara viwili kwenye safu moja. Ukikosea, usikatekate: rudisha karatasi, uombe nyingine.

Hukujiandikisha mapema? Jiandikishe palepale kituoni. Beba kitambulisho chenye anwani ya sasa. Kama leseni ina anwani ya zamani, ongeza bili ya umeme au ya simu yenye jina lako na anwani mpya. Huna hata hiyo, tafuta jirani aliyejiandikisha katika eneo la kituo hichohicho, aape kwamba unaishi hapo. Mmoja anaweza kuapia watu 8, lakini aliyeapiwa siku hiyo haruhusiwi kumwapia mwingine.

Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku, na ukiwa umeshaingia foleni saa 2 inapogonga, utapiga kura. Mnaofanya zamu kwenye nyumba za wazee, mwajiri anatakiwa na sheria ya Minnesota kuwapa muda wa kwenda kupiga kura bila kukata mshahara. Mwambieni mapema, au pigeni kura ya mapema, inayoanza siku 46 kabla.

Mwenye green card (kibali cha ukazi wa kudumu, si uraia) hapigi kura hii, wala asitie sahihi fomu ya kujiandikisha hata akiletewa mlangoni na kijana wa kampeni mwenye nia njema. Fomu ile ni kiapo kwamba wewe ni raia, na sahihi yake inaweza kukunyima uraia au kukufukuzisha nchini. Kugonga milango, kupiga simu na kumchangia mgombea pesa, hayo yote sheria inamruhusu mwenye green card.