Malkia hana saini

Wiki hii mmeuliza: ofisi zetu zingeendeshwa kama mzinga wa nyuki, kazi zingekwenda? Mimi ni karani wa stoo mwaka wa kumi na nne huu, na huku Kisarawe nafuga nyuki, mizinga sita. Nasema zingekwenda, ila sivyo wanavyodhani wenye kuupenda mfano huo.

Wanaoupenda mara nyingi ni wakubwa. Utawasikia kwenye semina: malkia mmoja, wengine wote kazi. Basi mimi huyo malkia nimemwona. Anatembea juu ya sega, wenzake wamemzunguka wakimlisha na kumlamba, naye anachomeka tumbo chumba hiki, anahamia kile. Msimu wa maua anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000 kwa siku. Basi. Hapangi zamu, hamtumi mtu. Utagaji ukilegea, wale wale wanaomlisha huanza kulea malkia mwingine. Bosi gani atautia saini mkataba huo?

Zamu zenyewe zinakwenda na umri. Nyuki mchanga husafisha vyumba, kisha hulea mabuu, hujenga sega, hulinda mlango. Porini hutoka akiwa na wiki tatu hivi. Kazi ya hatari wanaachiwa wazee. Hilo kwetu silipendekezi, wazee wetu wana magoti.

Ninalowaonea wivu ni vikao vyao. Mwaka jana mzinga wangu mmoja ulijaa, nusu ya kundi ikatoka na malkia ikaning'inia kwenye mwembe kama ndevu za mzee. Kundi kama hilo huwa na nyuki 10,000 hivi, ila wanaokwenda kutafuta makazi ni mia chache tu. Mtafiti wa nyuki Mjerumani, Martin Lindauer, aliwagundua Munich mwaka 1949, mji ukiwa bado na magofu ya vita: aliona nyuki wanacheza juu ya kundi hali wamechafuka, huyu masizi, yule vumbi jekundu la matofali. Hawakutoka kwenye maua, walitoka kukagua nyumba.

Aliyeona tundu zuri hurudi akacheza, akitikisa tumbo, na mchezo wake unaeleza upande na umbali. Tundu likiwa zuri sana hurudia mchezo mara nyingi. La hivi hivi, mara chache. Anayemtazama hamwitikii papo hapo. Anaruka kwenda kuliona mwenyewe, na akirudi ndipo naye anacheza, kama limemridhisha. Halafu kuna jambo ambalo mtafiti mwingine, Mmarekani Thomas Seeley, amelieleza vizuri: kila akirudi kutoka kukagua, mkaguzi hupunguza kucheza, mwisho anaacha kabisa, hata kama tundu lake ndilo bora. Hakuna anayeng'ang'ania. Wakaguzi wakishafikia ishirini, thelathini kwenye tundu moja kwa wakati mmoja, shauri limekwisha, na wanarudi kuwaamsha wenzao.

Mimi nimekaa kikao cha saa tatu kuhusu mahali pa kuweka kabati, na waliobishana zaidi walikuwa hawajakifikia hata chumba chenyewe.

Wiki ile ile ya mwembe, kazini tuliishiwa wino wa printa. Hela ipo, duka liko ng'ambo ya barabara, lakini mwenye saini alikuwa safarini. Tulikaa siku tisa. Nyuki wangu walikaa kwenye tawi siku mbili.

Lakini msiniletee mzinga mzima ofisini. Njaa ikiingia, madume huburutwa hadi mlangoni na kusukumwa nje, hakuna cha kiinua mgongo. Nyuki kibarua, asiye malkia, akitaga yai, wenzake hulila. Na nyuki wetu hawa wa Afrika wakichoshwa na siafu au ukame hawaandiki barua ya kuacha kazi. Unafungua mzinga unakuta sega tupu na mende.

Wale wa mwembe waliamua kuhamia darini kwa jirani. Alikuja kwangu amefura: "Mkamate huyo mkubwa wao, wengine watamfuata." Nikataka kumweleza kwamba hana ukubwa wowote. Jioni nikapanda na bomba la kufukizia nyuki moshi, nikampata malkia, nikamtia kwenye kisanduku chenye wavu. Wakamfuata wote kwa harufu yake. Jirani hadi leo anaamini alikuwa sahihi.