Uzuri wa mkakasi: kwa anayetafuta mashine yake ya kwanza ya pinboli

Mashine yangu ya kwanza ya pinboli, ule mchezo wa kurusha goroli ya chuma kwenye ubao ulioinama chini ya kioo, niliinunua kwa macho. Kioo cha kichwani, yaani kwenye sanduku linalosimama nyuma ya mashine, kilikuwa na sura za waigizaji wa filamu niliyoipenda tangu sekondari, na nilipoikuta inawaka kwenye gereji ya muuzaji, nje kidogo ya Chicago, nilicheza mizunguko miwili tu nikatoa pesa. Tuliibeba watu wanne, zaidi ya kilo mia, tukaishusha hadi chumba cha chini. Baada ya miezi mitano tukaipandisha ngazi zilezile kwenda kwa mnunuzi mwingine.

Haikuharibika hata taa moja. Niliichoka. Ilikuwa na sentensi chache za filamu zinazojirudia, rampu mbili za kupandishia goroli, na shabaha moja kubwa katikati ambayo ukiikosa goroli inakurudia moja kwa moja kwenye pengo kati ya flipa, vile vijimkono viwili vya kuipigia. Baa yenye mashine ishirini inaweza kuvumilia mashine ya aina hiyo, maana mtu anacheza mara moja na kuondoka. Nyumbani, ambako una mashine moja au mbili, utaisikia sauti ileile asubuhi na jioni mpaka mwenzako aombe uizime.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye pinboli, hicho kipande cha mti ndicho unachokilipia: ubao wa kuchezea, yaani uwanja, ulioinama kama nyuzi 6.5, goroli ya chuma ya gramu 80, na njia alizozichora mbunifu ili goroli izipite. Picha zinakuja juu yake.

Hata hivyo sisemi mada, yaani filamu au hadithi inayoipamba mashine, haina kazi. Swali ninalojiuliza siku hizi ni hili: je, mada imeingia kwenye mbao, au imebandikwa tu? Chukua The Addams Family ya mwaka 1992, mashine ya filamu ya familia moja ya ajabu na nyumba yao ya kutisha, kazi ya Pat Lawlor na Larry DeMar. Ule mkono usio na mwili unatoka kwenye kisanduku, unainasa goroli kwa sumaku na kuondoka nayo. Chini ya uwanja kuna sumaku nyingine zinazoivuruga goroli ghafla, ukahisi kweli nyumba ile ina mambo yake. Hata asiyejua filamu anacheka. Zilitengenezwa 20,270, nyingi kuliko mashine nyingine yoyote ya kizazi cha elektroniki, na bado inauzwa ghali. Kwa hiyo anayekuambia "nunua hii, ni adimu" mwulize kwanza kama inachezeka. Adimu nyingine ziliadimika kwa sababu hakuna aliyezitaka.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni World Cup Soccer ya kampuni ya Bally, ya mwaka 1994, ile ya Kombe la Dunia lililochezwa Marekani. Ina goli, na golikipa anayehama kushoto na kulia, na mpira mkubwa unaozunguka uwanjani. Huhitaji kumweleza mtu sheria. Wageni wangu wa Jumamosi, ambao wengi hawajawahi kushika mashine hizi, wanaisogelea hiyo wakiacha nyingine zote, na kelele zinazotoka pale ni za Simba na Yanga kabisa. Kwa kina cha mchezo siipi nafasi ya kwanza. Lakini mashine ambayo wageni wanaipanga foleni ina thamani ambayo mkusanyaji wa peke yake haioni.

Upande wa pili kuna Attack from Mars ya mwaka 1995, ya Brian Eddy. Niliikwepa miaka miwili kwa sababu ya vile vijitu vya kijani vya kutoka Mars. Niliona ni vya kitoto. Siku moja nikaikuta kwenye ukumbi, nyingine zote zina watu, nikaingiza sarafu. Chombo cha angani kimewekwa katikati kabisa, kinakuita ukipige, na ni hapohapo goroli inapokurudishia adhabu. Njia za pembeni ni salama zaidi lakini zinalipa taratibu. Kila unaporusha goroli unaamua: tamaa au subira? Ninayo hadi leo, na vile vijitu nimevizoea kama majirani.

Kwa hiyo usinunue mashine ambayo hujaicheza mara thelathini. Tafuta ukumbi ulio nayo, lipa sarafu zako, rudi siku tofauti. Mizunguko kumi ya kwanza unatazama taa, kumi inayofuata unajifunza njia, na kumi ya mwisho ndiyo inayosema ukweli. Kila goroli inapozama, sikiliza unamlaumu nani. Ukijilaumu mwenyewe na kidole kikarudi kwenye kitufe cha kuanza bila kufikiri, hiyo ni yako. Ukiilaumu mashine kila mara, mwachie mwingine. Pia jua mwendo unaoupenda. Steve Ritchie, aliyebuni High Speed ya mwaka 1986, anapenda goroli izunguke kwa kasi bila kusimama. Lawlor anaisimamisha, anaificha, anakulazimisha upige shabaha ngumu. Mimi nilijidhania mtu wa kasi kumbe siye.

Nyumba ikiwa ya watu wengi, mada ipime na wenzako. Mapanga na mafuvu yaliyochorwa ubavuni yatakaa karibu na kochi lao pia.

Anayewaza kupeleka Dar au Mombasa aulize mapema habari za umeme: mashine za Marekani zimepangwa kwa volti 120. Nyingi za miaka ya tisini, transfoma yake inaweza kubadilishwa mpangilio wa nyaya ikapokea 230, ila kazi hiyo mpe fundi.

Siku ya kununua, kioo kitazame mwisho kabisa. Kikipauka, mara nyingi hupatikana kingine. Uwanja uliolika hadi mbao kuonekana ndio unaokula pesa. Halafu mwombe muuzaji afungue kichwa, umulike betri tatu ndogo kwenye ubao wa elektroniki. Zikivuja, kemikali yake hutafuna ubao kimyakimya huku mashine inawaka vizuri tu. Tochi ya simu inatosha.