Maswali na Majibu: Matunzo ya Mtoto na Leseni ya Kazi

Nimesikia kwamba Marekani mzazi asiyetoa matunzo hufungiwa leseni ya kazi. Baba wa wanangu ni fundi umeme mwenye leseni, na mwaka mzima hajatuma hata senti. Je, nami naweza kuomba afungiwe? (Mama wa watoto wawili, Ngamiani, Tanga)

Ulichosikia ni kweli, mama. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 iliyataka majimbo ya Marekani yawe na utaratibu wa kuzuia au kusimamisha leseni za udereva na za taaluma za wazazi wenye malimbikizo ya matunzo. Huku kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haikuweka adhabu hiyo, na binafsi silisikitikii pengo hilo, kwa sababu fundi aliyenyang'anywa leseni hawezi tena kufanya kazi yake kihalali, ilhali pesa unayomdai ingetoka katika kazi hiyo hiyo. Tishio la leseni lamfaa mwenye nacho anayekwepa. Aliyeishiwa kweli litamzamisha pamoja na wanawe.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye anaweza kuwaita nyote wawili mzungumze. Ikishindikana, peleka maombi ya matunzo mahakamani ukiwa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za shule na daftari ulimoandika unga, mafuta ya kupikia, dawa na nauli kwa bei ulizonunulia, kwani mahakama hupima mahitaji ya mtoto pamoja na uwezo wa wazazi. Amri ikishatoka naye akaipuuza, rudi uombe sehemu ya mapato au mali yake ikamatwe.

Mimi na baba wa mwanangu hatukufunga ndoa. Mtoto ana haki? (Binti, Chumbageni)

Anayo, mwanangu, kwa sababu haki hiyo ni ya mtoto na haitegemei ndoa ya wazazi wake. Baba akimkana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba.

Mahakama iliniamuru nitoe laki moja kila mwezi, lakini safari za lori zimepungua na deni linapanda. Nikae kimya mpaka kazi irudi? (Dereva, Pongwe)

Usikae kimya, ndugu yangu. Kupungua kwa safari hakubadilishi amri yenyewe. Mahakama ndiyo yenye uwezo wa kuibadilisha, nayo haiwezi kujua hali yako usipoifikisha mbele yake. Omba kiwango kipitiwe upya, ukiambatanisha ushahidi wa mapato ya miezi iliyopita, na wakati ukisubiri endelea kutoa unachoweza, hata kama ni elfu thelathini. Tuma kwa simu na utunze ujumbe wa muamala. Ukipeleka mchele au sare za shule, mwombe mama wa mtoto asaini kwenye daftari tarehe na kiasi, kwa sababu nimewaona akina baba wengi waliotoa kweli lakini wakafika mahakamani mikono mitupu.