Ukikabidhiwa maktaba ya shule ya msingi, usikimbilie zawadi

Walimu wengi hukabidhiwa maktaba kwa namna moja: kikao kinakaribia kuisha, mwalimu mkuu anauliza nani ana vipindi vichache, macho yote yanamgeukia mgeni. Haupiti muda, linakuja agizo la pili: anzisha mashindano ya kusoma, na atakayesoma vitabu vingi apewe zawadi mbele ya wazazi siku ya kufunga shule. Hilo la kwanza huna namna ya kulikwepa. La pili tulizungumze, maana namna utakavyolianza ndiyo itakayoamua kama watoto watasoma au watakuwa wanazunguka tu na vitabu.

Tangaza kwamba mshindi ni mwenye vitabu vingi, uone. Vitabu vyembamba vitakwisha kwenye rafu siku hiyo hiyo. Vile vya kurasa nane vyenye picha kubwa, vilivyoletwa kwa ajili ya darasa la kwanza na la pili, utawakuta navyo darasa la sita. Hadithi za kurasa sitini zitabaki na vumbi lake. Kisha daftari la kuazimisha litaanza kudanganya: mtoto anachukua kitabu mwanzo wa mapumziko, kabla kengele haijalia amekirudisha na kuomba kingine. Watoto si wajinga. Umeomba idadi, wanakuletea idadi.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria zawadi, amua utajuaje kwamba mtoto amesoma. Wenzetu wengi hukimbilia karatasi ya maswali kumi, na hapo maktaba inageuka chumba kingine cha mtihani. Mimi huuliza swali moja tu wakati napokea kitabu: nani amekuudhi humu ndani? Mtoto aliyesoma ana mtu wa kumlaumu. Asiyesoma anatazama dari.

Mvulana mmoja wa darasa la nne aliwahi kunisimulia hadithi ya fisi aliyekwenda harusini, kwa mbwembwe na sauti zote za wanyama, mpaka viranja wa maktaba wakaacha kupanga vitabu wakamsikiliza. Fisi wa kitabu kile alikuwa amekwenda msibani. Mtoto alikuwa amefuata picha: turubai, masufuria makubwa, watu wamekaa kwenye mikeka. Ukweli ni kwamba kwa picha tu hata mimi ningesema harusi. Nilimwomba anisomee mstari wa juu wa ukurasa wa tatu. Akausoma polepole, kidole chini ya kila neno, akafika kwenye “matanga”, akanitazama. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza akaanza upya, hakuna aliyemwambia. Angekuwa anasaka pointi, angegombana nami juu ya pointi yake.

Sasa zawadi. Kuna wanaosema zawadi zinaharibu watoto, na kuna wanaosema bila zawadi hakuna atakayesoma. Utafiti haumpi ushindi yeyote kati yao. Mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili walichapisha jaribio walilofanya Marekani kwa watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe endapo wangechora. Wengine walipewa cheti kwa kushtukizwa. Wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Zingatia kwamba hao walikuwa wanapenda kuchora tangu awali. Ndiyo maana sipendi kumwekea dau mtoto ambaye tayari anakuja maktaba kwa miguu yake.

Upande wa pili kuna mchumi Roland Fryer. Alifanya majaribio ya kuwalipa wanafunzi fedha taslimu katika miji kadhaa ya Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Dallas, watoto wa darasa la pili walilipwa dola 2 kwa kila kitabu walichosoma na kujibu maswali mafupi ya kompyuta kukihusu. Uelewa wao wa kusoma ulipanda. New York walilipwa kwa alama za mitihani, alama hazikusogea. Kulipa mtoto dola hatuwezi na wala sishauri, lakini tofauti ya miji hiyo miwili ni somo kwetu. Kufungua kitabu na kukimaliza kuko ndani ya uwezo wa mtoto. Kuongeza alama, mtoto hajui aanzie wapi. Wa New York walipoulizwa wangefanya nini wapate fedha zaidi, walitaja mambo kama kusoma swali kwa makini zaidi. Ukimwahidi mtoto kaunta buku endapo atakuwa wa kwanza kwenye mtihani wa Kiswahili, umefanya ya New York.

Na zawadi yenyewe iwe nini? Watafiti wa usomaji Barbara Marinak na Linda Gambrell walilijaribu hili kwa watoto wa darasa la tatu, wakachapisha mwaka 2008: waliopewa kitabu kama zawadi waliendelea kurudi kwenye kusoma kuliko waliopewa vizawadi visivyohusiana na kusoma. Mimi nimeacha pipi na biskuti, na si kwa sababu ya kurasa zilizogandana tu. Zawadi zinazogombewa kwetu hazigharimu shilingi: kuwa wa kwanza kuazima kitabu kipya kabla hakijapigwa mhuri wa pili, kukaa na kitabu mwisho wa juma, kuchagua hadithi ambayo mwalimu atawasomea Ijumaa, kwenda kuwasomea darasa la kwanza. Hii ya mwisho ina maajabu yake. Mtoto wa darasa la tano anayesoma kwa kusitasita ataona haya kuonekana na kitabu cha picha, lakini ukimwambia ajiandae kuwasomea wadogo, atakirudia nyumbani mara nyingi tu, na hakuna wa kumcheka.

Mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu, mimi siwataki kabisa. Darasani kwako tayari unawajua watakaokuwa watatu hao: mtoto wa mwalimu, mtoto mwenye umeme nyumbani, na yule mmoja mwenye kipaji. Anayetoka shule akachote maji, kisha abebe mdogo wake mgongoni mpaka jioni, ataangalia orodha ukutani wiki ya kwanza na hataiangalia tena. Uingereza, maktaba za umma zina shindano la likizo ndefu lililoanza mwaka 1999: kwa kawaida mtoto anasoma vitabu sita anavyovichagua mwenyewe, na kila anayefikisha anapata medali ileile. Sita tu. Hakuna anayemshinda mwenzake. Nawe unaweza kuweka lengo dogo la kila mtoto kulingana na anavyosoma leo, au lengo la darasa zima, ambapo ukurasa mmoja wa mtoto dhaifu unahesabiwa sawa na wa hodari.

Mwalimu mkuu atataka kitu cha kuonyesha wathibiti ubora wakija. Haki yake. Bandika ukutani chati ya madarasa, si ya majina, na siku ya kufunga shule waite watoto watatu wasome aya moja kila mmoja mbele ya wazazi. Watapigiwa makofi ya kilo kuliko kikombe chochote. Fedha ya kikombe iombe kamati ya shule ikununulie gundi, selotepu na vitabu viwili.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo walimu wa maktaba tunabishana kila Desemba: kuwaruhusu watoto waende na vitabu likizo au kuvifungia kabatini. Ruhusu. Andika jina la mtoto, la mzazi na namba ya kitabu, mzazi asaini siku ileile ya kufunga akiwa bado yuko shuleni, usimfuate nyumbani. Januari vichache havitarudi na vingine vitarudi na alama za mafuta ya taa. Vibandike selotepu, virudishe kwenye rafu.