Saa ya raba imeanza kunata? Petroli hapana, mimi niliipiga nikajuta

Mkuu unayeuliza kuhusu saa ya marehemu mjomba wako iliyovikwa raba nyeusi, kwamba inanata na fundi kakwambia ipigwe petroli, subiri kwanza.

Yangu ilikaa kama miaka mitatu kabatini Nyegezi, hapa Mwanza, ndani ya mfuko wa nailoni, najua naitunza, kumbe jasho na unyevunyevu nimevifungia humo humo. Siku naitoa inashika vidole kama bigijii iliyotafunwa, nyuzi za sweta zimeganda kila kona. Nikamuomba jamaa wa boda pale Kirumba petroli kidogo kwenye kizibo, nikasugua na tambara. Weee! Ikawa matope meusi mpaka kwenye kucha, afu kale kakitufe ka pembeni ka kurekebishia muda, ambako kenyewe kamevikwa mpira halisi, kakavimba kakagoma kuzunguka.

Baadae ndo nikaelewa kwamba ule unataji sio uchafu, ni raba yenyewe inaoza. Nyingi sio mpira kabisa, ni rangi laini ya poliyurethani (aina ya plastiki) imepuliziwa juu ya chuma, na joto likikutana na unyevu inavunjika taratibu hata kama saa huivai. Mpira halisi ni kesi nyingine, wenyewe unakakamaa na kupasuka. Saa ya Audemars Piguet inayoitwa Royal Oak Offshore, ya 1993, ilitoka na vitufe vya mpira, sasa kipande kama hicho kikichoka unabadilisha tu, hakuna fundi Makoroboi atakaekupikia mpira upya mezani kwake.

Kwahiyo jaribu ukucha sehemu ya mgongoni isiyoonekana. Ukikwaruza ikatoka kama utando, hiyo ni rangi na imeshakufa, hairudi. Chukua spiriti ya dukani (asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, usiiguse), lowesha pamba kwenye kijiti, usimwagie saa, hakikisha kitufe kimefungwa hadi mwisho, futa kidogo kidogo huku unabadilisha pamba. Mimi jumapili nzima niliimaliza nimekaa barazani na vijiti sijui vingapi. Kwenye mkanda wa mpira spiriti acha, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji na mswaki laini vinatosha.

Kuna watu watakwambia upulizie rangi mpya. Sikushauri, inabanduka pale pale mkono unaposugua, na mjomba wako hakuvaa saa ya rangi ya dukani.

Ila ikishafunguliwa kwa sababu yoyote ile, zile oringi za ndani (pete za mpira za kuzuia maji) zibadilishwe na ipimwe presha kabla hujaingia nayo ziwani, hata kama mgongoni imeandikwa mita 100. Na dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET iache ikauke kwanza ndo uvae, inakula plastiki na rangi hizo vibaya mno.

Yangu sasa hivi ni chuma cha kijivu kitupu. Kwenye maandishi ya mgongoni weusi uligoma kutoka, nimeuacha humo humo, wife anasema ndo imependeza.