Jibu: Mama ana kilo 140, je, atapasuliwa saratani ya utumbo mpana?

Dadangu, pole kwa ya mama. Unene pekee haumzuii kupasuliwa, wala msikae Malindi mkingoja apungue kwanza, uvimbe haungoji. Hatari zipo kweli: kidonda kutunga usaha, utumbo ulioungwa kuvuja, damu kuganda miguuni. Ulizeni sindano za kuzuia damu kuganda. Baada ya upasuaji wa saratani mara nyingi huendelea hadi wiki 4. Akikoroma na kukatikiwa pumzi usingizini, daktari wa nusukaputi aambiwe mapema.

Jambo linalosahaulika: ikihitajika njia ya choo tumboni, yaani tundu la kutolea kinyesi kwenye mfuko, pahali pake patiwe alama kabla, akiwa amekaa na amesimama, juu zaidi kuliko mkunjo wa tumbo, apaone mwenyewe. Shangazi yangu aliwekewa chini mno, akateseka sana na mfuko.